Picha ya utambulisho ya mtahiniwa

Picha ya utambulisho ya mtahiniwa ni picha ndogo ya uso na mabega inayoambatanishwa na maombi ya kufanya mtihani wa taifa. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba anayeketi katika chumba cha mtihani ndiye yule aliyejisajili. Nchini Tanzania watu wengi huiita picha ya pasipoti, au "paspoti saizi" tu, hata pale ambapo hakuna safari yoyote. Zamani ilibandikwa kwa gundi kwenye fomu ya karatasi. Siku hizi kwa kawaida ni faili linalopakiwa katika mfumo wa usajili kwa njia ya intaneti.

Makala hii inahusu mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na mifano yake imetoka Machame, katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro.

Sababu za kudai picha

Tanzania Bara ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na NECTA ikaanzishwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Jina na namba ya mtihani havitoshi kumtambulisha mtu. Majina hufanana, hasa katika eneo ambalo ukoo mmoja una watu wengi. Kule Machame watahiniwa kadhaa wa kituo kimoja wanaweza kuitwa Swai, Massawe, Mushi au Lema, na wawili kati yao wakawa na jina la kwanza lilelile. Namba nayo anaweza kuikariri mtu yeyote. Uso ndio usioazimika kwa urahisi.

Udanganyifu ambao picha inalenga kuuzuia ni "kufanyiwa mtihani", yaani mtu mmoja kuketi mahali pa mwingine. Upo pia udanganyifu wa pili, ambao huonekana miaka mingi baadaye: mtu kuomba kazi kwa cheti cha mwenzake. Ukubwa wa tatizo hilo ulidhihirika tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Taarifa hiyo ilionyesha pia vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watu 3,076, yaani watu wawili kwa kila cheti. Kwa cheti kisicho na picha, ni vigumu kuamua mara moja nani ni mwenyewe. Vyeti vya NECTA vya miaka ya karibuni hubeba picha ya mhitimu, na kwa hiyo picha iliyopigwa haraka siku ya mwisho ya usajili inaweza kumfuata mtu hadi kustaafu kwake.

Mwanafunzi wa shule na mtahiniwa wa kujitegemea

Mwanafunzi aliye shuleni, kwa mfano katika sekondari za Machame Wasichana au Lyamungo, husajiliwa na shule yake, na namba yake ya mtihani huanza na herufi S. Kwa kawaida shule ndiyo inayopanga upigaji wa picha: wanafunzi husimama foleni wakiwa na sare, na mwalimu au mpigapicha huwapiga mmoja baada ya mwingine.

Mtahiniwa wa kujitegemea hana mwalimu wa kumsimamia. Huyu ni mtu anayerudia mtihani, au aliyesoma nje ya mfumo rasmi na kuanza na Mtihani wa Maarifa. Namba yake huanza na herufi P, na picha ni jukumu lake mwenyewe. Anaweza kuwa mama wa watoto watatu anayetafuta alama ya Hisabati, au kijana anayebeba mizigo ya watalii mlimani na kusoma usiku. Kwake, picha inayokataliwa humgharimu nauli ya kurudi Boma Ng'ombe au Moshi mjini, siku ya kazi iliyopotea na, muda ukiwa umekwisha, mwaka mzima.

Masharti ya kawaida

Masharti halisi hutolewa katika tangazo la usajili wa mwaka husika, nalo ndilo la kufuatwa kuhusu rangi ya nyuma, vipimo na uzito wa faili. Hata hivyo misingi yake inafanana duniani kote, kwa kuwa nchi nyingi zimefuata mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) kuhusu pasipoti. Uso uelekee mbele, macho yawe wazi na mdomo umefungwa. Kichwa kisiinamishwe wala kugeuzwa upande. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 35 kwa 45, ambapo urefu wa uso, kutoka kidevuni hadi utosini, huchukua kati ya asilimia 70 na 80 ya urefu wa picha. Marekani hutumia mraba wa milimita 51 kwa 51. Picha iliyokatwa kwa ajili ya maombi ya kule haifai kwa fomu inayotaka umbo la mstatili.

Kofia na miwani ya jua havikubaliki. Hijabu na vilemba vya kidini hukubaliwa kwa kawaida, mradi uso wote uonekane kuanzia kidevuni hadi juu ya paji na kitambaa kisitie kivuli mashavuni. Miwani ya kusomea ni bora ivuliwe, kwa sababu vioo vyake hurudisha mwanga na kuficha mboni.

Jambo moja husahauliwa sana, nalo ni umri wa picha. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayetumia picha aliyopigwa akiingia kidato cha kwanza anapeleka uso wa mtoto wa miaka 13 au 14 kwa msimamizi atakayemwona akiwa na ndevu.

Kamera na ngozi nyeusi

Sehemu kubwa ya picha mbaya za utambulisho Afrika Mashariki hutokana na kosa moja la kiufundi, na mwenye uso hana hatia. Kamera haijui kwamba inapiga mtu. Hupima wastani wa mwanga ulio mbele yake, kisha hurekebisha picha ili wastani huo uwe wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, kamera huona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Ukuta hutoka vizuri, lakini uso huwa doa jeusi lisilo na macho wala mstari wa pua.

Tatizo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950, kadi ambazo kampuni ya Kodak ilitoa ili maabara zipime usahihi wa rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Simu za leo ni bora zaidi, ila kanuni ya wastani bado inafanya kazi.

Dawa yake ni rahisi. Katika simu nyingi, mpigapicha akigusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga, kamera hupima mwanga wa uso badala ya ukuta. Pia mwanga uelekezwe usoni: mtu akae akitazama dirisha au mlango ulio wazi, kamwe asiupe kisogo. Kitambaa cha bluu ya mwanga hakiidanganyi kamera kama ukuta mweupe, lakini mahali ambapo tangazo linataka nyeupe, kitambaa hicho hakitasaidia kitu.

Kungarisha uso kwa kompyuta baada ya kupiga si suluhisho. Baadhi ya studio hufanya hivyo kwa nia njema, na mteja hufurahi kujiona mweupe na asiye na makovu. Lakini kovu la shavuni ndilo msimamizi anaweza kulitumia kumtambua.

Mwanga wa Machame

Machame iko kwenye mteremko wa kusini-magharibi wa Mlima Kilimanjaro, kati ya vihamba vya migomba na kahawa, na mandhari hiyo ina athari zake kwenye picha. Kivuli cha mgomba kinavutia siku ya joto, lakini mwanga unaopita katika majani hutoka na rangi ya kijani. Uso uliopigwa kihambani huonekana kama wa mgonjwa, na shati jeupe la shule hubadilika rangi. Ni afadhali kusimama barazani, chini ya paa, umbali wa hatua kadhaa kutoka kwenye majani.

Saa nayo ina maana. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla ya mtihani wa Novemba. Machame iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kati ya Februari na Machi jua la saa sita mchana husimama karibu moja kwa moja juu ya kichwa. Nyusi hutia kivuli machoni na pua hutia kivuli mdomoni. Saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, kwenye kivuli kilicho wazi, hutoa picha nzuri zaidi. Mawingu mazito yanayoufunika mteremko huu mwezi Juni na Julai, ambayo wenyeji huyalalamikia kwa baridi yake, ni rafiki mkubwa wa mpigapicha: hutawanya mwanga sawasawa na kufuta vivuli.

Simu au studio

Studio nzuri ina taa mbili, kitambaa kilichonyooshwa na mtu anayejua vipimo, na kwa mtu asiyezoea kompyuta ndiyo njia ya uhakika. Lakini simu ya kawaida inatosha ikitumiwa vizuri. Kamera ya nyuma ndiyo inayofaa, ikishikwa na mtu mwingine kwa umbali wa mita moja na nusu hivi, kwenye kimo cha macho. Anayejipiga mwenyewe kwa kunyoosha mkono huwa karibu mno na kamera, na kwa ukaribu huo pua huonekana kubwa na masikio hurudi nyuma. Kamera ya mbele katika simu nyingi pia hulainisha ngozi bila kuulizwa. Ni lazima uwezo huo uzimwe.

Ukutani nyuma kuwe tupu. Mtu asiegemee ukuta bali asimame hatua moja au mbili mbele yake, ili kivuli chake kianguke chini.

Faili

Picha nzuri huweza kuharibika baada ya kupigwa. Njia ya kawaida ni hii: kijana hupigwa kwa simu ya rafiki, hutumiwa picha kwa WhatsApp, kisha huipeleka steshenari ili isaidiwe kupakiwa. WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na picha iliyotumwa mara tatu hupoteza ukali wake. Ikitumwa kama hati haibanwi.

Kwa kipimo cha milimita 35 kwa 45 na ukali wa nukta 300 kwa inchi, picha huhitaji pikseli 413 kwa 531 hivi. Picha ya simu ina pikseli nyingi kupita hapo, na uzito wake huzidi ule unaokubaliwa na mifumo mingi. Hapo watu hukosea kwa kuvuta picha ili iingie kwenye umbo linalotakiwa, na uso hutoka mpana kama wa mtu mwingine. Inapaswa kukatwa kingo kwanza hadi uwiano uwe sawa, ndipo ipunguzwe.

Kosa jingine ni kupiga picha ya picha: paspoti ya karatasi huwekwa mezani na kupigwa kwa simu. Mng'ao wa karatasi hutokea kama ukungu usoni, na picha hupinda pembeni. Kama karatasi ndiyo pekee iliyopo, skana ni bora.

Picha kubadilishana

Shule yenye watahiniwa mia moja ina faili mia moja, mara nyingi zenye majina ambayo kamera imeyatoa yenyewe kwa tarakimu. Mwanafunzi mmoja akikosa kufika siku hiyo, au wawili wakibadilishana nafasi kwenye foleni, picha zote zinazofuata huweza kuhamia kwa jirani. Baadhi ya wapigapicha huzuia hilo kwa kupiga, kabla ya kila uso, karatasi iliyoandikwa jina la mhusika kwa herufi kubwa, kisha faili hupewa majina siku ileile kumbukumbu ingali mpya.

Kwa sababu hiyo, mtahiniwa anapoonyeshwa taarifa zake ili azihakiki, hatakiwi kuangalia tahajia ya jina na orodha ya masomo pekee. Anapaswa kuiangalia na picha, kwenye kioo kikubwa badala ya simu ikiwezekana, kwa kuwa kuna picha ambazo husimama wima kwenye simu lakini hulala ubavu zikifunguliwa kwenye kompyuta. Akiona kosa, mwanafunzi humweleza mwalimu anayeshughulikia usajili, na mtahiniwa wa kujitegemea huenda kwenye kituo alichojisajilia, kabla dirisha la usajili halijafungwa.