Hifadhi ya seva binafsi ya mtandao wa kijamii

Hifadhi ya seva binafsi ya mtandao wa kijamii ni nafasi ya diski inayohitajika na mtu au kikundi kidogo kinachoendesha programu yake ya mtandao wa kijamii, badala ya kutumia huduma za kampuni kubwa kama Facebook, Instagram au X. Nafasi hiyo hubeba hifadhidata, picha na video za mwenye seva, nakala za machapisho ya watu anaowafuata, kumbukumbu za uendeshaji na nakala rudufu.

Watu wengi hudhani kwamba seva ya mtu mmoja huhitaji nafasi ndogo kwa kuwa mtu mmoja huandika machache. Katika mitandao mingi ya aina hii sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya diski huchukuliwa na nakala za picha na video za watu wengine. Ukubwa wa hifadhi hutegemea zaidi idadi ya akaunti zinazofuatwa na siku ambazo nakala hizo hutunzwa kuliko idadi ya watumiaji wa seva yenyewe.

Usuli

Seva nyingi za binafsi hutumia itifaki ya ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la W3C tarehe 23 Januari 2018. Itifaki hiyo huwezesha seva zinazojitegemea kupelekeana machapisho, kama vile seva za barua pepe zinavyopelekeana barua. Mtu mwenye akaunti katika seva moja anaweza kumfuata, kumjibu na kusoma habari za mtu aliye katika seva nyingine.

Programu inayojulikana zaidi ni Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani. Nyingine ni Pleroma, Akkoma na GoToSocial kwa maandishi mafupi, Pixelfed kwa picha, na PeerTube kwa video. Zote ni programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kuzipakua na kuziendesha bila kulipia leseni.

Vitu vinavyojaza diski

Vitu vinavyochukua nafasi katika seva ya aina hii ni vitano:

1. Hifadhidata. Hubeba akaunti, maandishi, majibu, orodha za wafuasi na funguo za siri za akaunti. Maandishi ni mepesi, lakini hifadhidata huongezeka kila siku kwa sababu maandishi ya watu wanaofuatwa nayo huhifadhiwa humo.

2. Picha na video za mwenye seva. Hizi hubaki hadi mwenyewe azifute.

3. Nakala za picha na video za seva nyingine. Chapisho linapofika kutoka seva nyingine, programu kama Mastodon hupakua picha iliyoambatanishwa na kuiweka katika diski yake. Kwa njia hiyo picha hufunguka haraka, na seva ya mbali haielemewi na wasomaji wote kwa wakati mmoja.

4. Picha za wasifu na vielelezo vya viungo. Kila akaunti inayoonekana katika seva huja na picha yake ya wasifu, na kila kiungo cha habari huweza kuja na picha ndogo. Katika Mastodon, ufutaji wa kawaida wa nakala hauondoi picha za wasifu. Msimamizi anapaswa kuagiza zifutwe peke yake.

5. Mfumo wenyewe. Mfumo endeshi, programu, kumbukumbu za uendeshaji na nafasi ya muda inayohitajika wakati wa kusasisha programu.

Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi ya kukadiria mahitaji. Mtu anafuata akaunti 300, na kila moja inachapisha wastani wa mara 4 kwa siku. Seva yake itapokea machapisho 1,200 kila siku. Tuchukulie kwamba machapisho 400 kati ya hayo yana picha, na kila picha pamoja na nakala yake ndogo ina kilobaiti 500. Hizo ni megabaiti 200. Tuchukulie pia kuna video 20 zenye megabaiti 10 kila moja. Hizo nazo ni megabaiti 200. Jumla ni megabaiti 400 kwa siku.

Nakala zikitunzwa kwa siku 7, zitachukua gigabaiti 2.8. Zikitunzwa siku 30, gigabaiti 12. Zisipofutwa kabisa, baada ya mwaka mmoja zitafika gigabaiti 146.

Mwenye seva akichapisha picha zake 3 kila siku kwa ukubwa uleule, kwa mwaka mzima atatumia takriban gigabaiti 0.55 tu. Katika mfano huu, nakala za wengine ni zaidi ya mara 250 ya picha zake mwenyewe.

Tofauti kati ya programu

Katika Mastodon, msimamizi anaweza kuweka idadi ya siku ambazo nakala za seva nyingine zitatunzwa. Muda huo usipowekwa, nakala huendelea kurundikana. Nakala iliyofutwa haipotei duniani, kwa kuwa inaweza kupakuliwa tena kutoka seva ya asili maadamu ipo.

GoToSocial ilitengenezwa kwa ajili ya seva ndogo, na inaweza kutumia hifadhidata ya SQLite ambayo ni faili moja. Pleroma na Akkoma kwa kawaida hazihifadhi picha za mbali, bali kifaa cha msomaji huzichukua moja kwa moja kutoka zilikotoka. Njia hiyo huokoa diski, lakini seva ya mbali huona anwani ya mtandao ya msomaji.

PeerTube huhitaji nafasi kubwa zaidi kwa mwenye seva, kwa sababu video moja inaweza kuhifadhiwa katika viwango kadhaa vya ubora ili ifunguke hata penye intaneti dhaifu.

Mtandao wa Bluesky hutumia itifaki tofauti. Seva binafsi ya Bluesky hutunza data ya wenyeji wake tu, na kazi ya kukusanya machapisho ya watu wote hufanywa na seva nyingine kubwa. Ndiyo maana watengenezaji wake hupendekeza diski ya gigabaiti 20 kwa watumiaji kuanzia 1 hadi 20.

Kupunguza matumizi ya nafasi

Njia za kawaida ni kuweka muda mfupi wa kutunza nakala, kufuta mara kwa mara picha za wasifu zisizotumika, kupunguza picha kabla ya kuzipakia, na kuepuka kujiunga na rilei. Rilei ni seva inayosambaza machapisho ya seva nyingi kwa pamoja. Seva ndogo ikijiunga nayo, hupokea machapisho ya watu ambao mwenyewe hawafuati.

Wengine huhamishia picha na video katika hifadhi ya kukodi, na kubakiza hifadhidata peke yake katika diski ya seva.

Kufuta nakala huokoa diski lakini hakupunguzi data iliyokwisha kupakuliwa. Katika mfano uliotajwa hapo juu, seva hupakua takriban gigabaiti 12 kila mwezi hata kama nakala hufutwa kila wiki. Kwa anayeendesha seva nyumbani kwa bando la simu, gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya diski.

Nakala rudufu

Si kila kilichomo katika diski kinahitaji nakala rudufu. Vitu visivyoweza kupatikana tena ni hifadhidata, picha na video za mwenye seva, faili za mipangilio na funguo za siri. Katika seva ya mtu mmoja, vitu hivyo huwa vidogo kuliko nakala za wengine, na mara nyingi hutosha katika flashi.

Kupoteza hifadhidata ni hasara kubwa kuliko kupoteza picha. Seva nyingine hutambua akaunti kwa ufunguo wake. Mtu akianza upya kwa jina lilelile la kikoa bila funguo za zamani, seva za wafuasi wake zinaweza kuyakataa machapisho yake. Kwa hiyo hushauriwa kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine mbali na seva.

Diski inapojaa kabisa, hifadhidata kama PostgreSQL hushindwa kuandika na huweza kusimama. Ni vyema kuacha sehemu ya diski wazi wakati wote.

Afrika Mashariki

Katika maeneo ya vijijini, kwa mfano Gorong'a na sehemu nyingine za wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, uchaguzi wa hifadhi huenda pamoja na suala la umeme na gharama za intaneti. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hutumia umeme kidogo na huweza kuendeshwa kwa sola. Hata hivyo kadi ya kumbukumbu huchakaa upesi kwa kuandikwa mara kwa mara, na umeme ukikatika ghafla hifadhidata inaweza kuharibika. SSD pamoja na betri ya akiba hupunguza hatari hiyo.

Wazo la kuweka data karibu na watumiaji si geni katika ukanda huu. Mkoani Mara, mradi wa ICT4RD uliohusisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo cha KTH cha Uswidi ulijenga mtandao katika wilaya za Bunda na Serengeti katika miaka ya 2000, ukitumia nyaya za faiba za TANESCO. Kaskazini mwa Uganda, BOSCO Uganda ilianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa kompyuta za sola. Jijini Nairobi, TunapandaNET huko Kibera huunganisha shule na vituo vya vijana na kuwapa masomo kutoka seva iliyo karibu.

Mahali seva ilipo huamua pia thamani ya nakala zilizomo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Katika hali kama hiyo, seva iliyo nje ya nchi huwa ngumu kufikiwa. Seva iliyo ndani ya nchi inaweza kuendelea kusomeka kupitia vituo vya kubadilishana mawasiliano kama TIX cha Dar es Salaam, pamoja na nakala zote zilizokwisha kuhifadhiwa humo. Mwenye seva anayefuta nakala kila siku huokoa diski, lakini siku ya hitilafu huwa na machache ya kusoma.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kanuni za maudhui mtandaoni, zilizotungwa mwaka 2018 na kutungwa upya mwaka 2020, zinaweka masharti ya leseni kwa watoa huduma za maudhui. Anayetaka kufungua seva yake kwa umma anapaswa kuyajua masharti hayo, kwa kuwa diski yake hubeba pia majina, picha na maneno ya watu wengine.