Kusafiri Mwanza na visiwa vya Ziwa Viktoria

Mwanza ni jiji la Tanzania lililoko kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria, na ndilo lango kuu la wasafiri wanaokwenda visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome na Rubondo, pamoja na mji wa Bukoba upande wa magharibi wa ziwa. Makala hii inaeleza namna ya kufika, vyombo vya majini vinavyotumika, hatari zake na namna ya kuziepuka. Mambo ya ziwani yamepewa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu huko ndiko wageni hukosea zaidi, na makosa ya majini mara nyingi hayana marudio.

Ziwa Viktoria lina eneo la takriban km² 68,800, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Maji yake si ya kina kirefu: mahali penye kina zaidi hapafiki mita 90. Uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni anayeliona kutoka mtaa wa Kapripointi jioni, limetulia na ndege wanarudi kulala, hudhani ni bwawa kubwa tu. Wavuvi wanaolijua hawaliiti bwawa.

Kufika Mwanza

Mji ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 kama kituo cha utawala, na reli ilifika mwaka 1928. Treni hiyo bado ni njia ya bei nafuu kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Tabora, lakini huchukua karibu siku mbili. Walio wengi hupanda basi. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Shinyanga huishia kituo cha Nyegezi, kusini mwa jiji. Yale ya Musoma na mpakani Sirari hutumia upande wa Buzuruga, barabara ya mashariki. Ni vizuri kujua mapema unashukia wapi, maana kutoka Nyegezi hadi Buzuruga kwa daladala wakati wa msongamano wa jioni ni safari nyingine. Kuna pia uwanja wa ndege, upande wa Ilemela.

Kwa wanaotoka Geita, Chato, Biharamulo na Bukoba kwa barabara, jambo kubwa la miaka hii ni Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban km 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Kabla yake kila gari lilisubiri kivuko kuvuka Ghuba ya Mwanza, na foleni ingeweza kumla mtu saa mbili au zaidi. Wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa hospitali ya Bugando walisubiri hapo hapo pamoja na malori ya ng'ombe. Sasa huvukwa kwa dakika chache. Anayetaka kufika Sengerema kwa kuanzia katikati ya jiji bado anaweza kupanda kivuko cha Kamanga, ambacho gati lake liko karibu na Jiwe la Bismarck, lile jiwe linaloonekana kama limewekwa juu ya mengine kwa mkono.

Vyombo vya majini

Kuna ngazi tatu za vyombo, na tofauti zake si za starehe tu.

Ya kwanza ni meli. MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa na kurudishwa majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Husafiri kati ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo, na huweza kubeba abiria 1,200. Kwa desturi huondoka usiku na kufika asubuhi. Hapa wageni wengi, hata Watanzania waliozoea saa za Kizungu kwenye simu, hupotea: tiketi ikisema saa 3 usiku ni ile ya Kiswahili, siyo saa tisa ya alfajiri. Uliza pia siku, kwa maneno kamili. “Usiku wa Jumanne” na “usiku wa kuamkia Jumanne” ni meli mbili tofauti. Meli nyingine kubwa, MV Mwanza Hapa Kazi Tu, ilishushwa majini Februari 2023.

Ya pili ni vivuko, ambavyo hubeba watu, magari na mizigo kwa masafa mafupi. Vya serikali husimamiwa na TEMESA. Safari ya Mwanza hadi Nansio, makao makuu ya Ukerewe, huchukua muda wa saa tatu hivi kulingana na chombo. Njia nyingine ya Ukerewe ni kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kuvuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Ni ndefu, lakini sehemu ya majini ni fupi sana, na wenye kuogopa maji huipenda.

Ya tatu ni mitumbwi ya injini na boti za mbao. Hizi ndizo hufika kwenye mialo midogo na visiwa ambavyo havina gati, na kwa wakazi wengi wa visiwani hakuna chaguo lingine. Mwalimu aliyepangiwa shule ya kisiwani, muuguzi, mama mjamzito, mfanyabiashara wa dagaa, wote hupanda humo. Kwa hiyo haitoshi kumwambia msafiri “usipande mtumbwi.” Afadhali ajue upi wa kupanda.

Ajali zilizofundisha

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Idadi kamili haikuweza kujulikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, ambako kuna makaburi na mnara wa kumbukumbu. Katika juhudi za kuwaokoa waliokuwa wamenaswa ndani, tumbo la meli lilitobolewa. Hewa iliyokuwa imeishikilia juu ikatoka, nayo ikazama.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Siku hiyo watu walikuwa wakirudi kutoka gulioni, na zaidi ya watu 220 walikufa. Kilikuwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati. Fundi mmoja alipatikana hai siku mbili baadaye, akiwa amejificha kwenye sehemu yenye hewa.

Ajali hizi mbili zinafanana kwa mambo ambayo abiria wa kawaida anaweza kuyaona kwa macho. Chombo kilichojaa kupita kiasi hukaa chini majini, na mzigo ukipangwa juu, uzito nao hupanda juu. Chombo cha namna hiyo kikiinama kidogo hushindwa kujirudisha. Kinachokiinamisha si lazima kiwe wimbi. Mara nyingi ni watu wenyewe kuhamia upande mmoja, ama kwa hofu, ama kwa sababu wameona gati na kila mmoja anataka kushuka wa kwanza. Ndiyo maana dakika za mwisho za safari si za kusimama.

Kuchagua chombo

Kabla ya kupanda, simama pembeni uangalie ubavu wa chombo. Meli na vivuko vina alama ya mwisho wa kujaza. Mtumbwi hauna, lakini ukiona ukingo umebakiza kiganja tu kufikia maji, huo umejaa. Angalia mzigo uko wapi: magunia na saruji vinapaswa kuwa chini katikati, siyo juu ya paa. Uliza jina lako linaandikwa wapi. Kuandikwa kwenye orodha si usumbufu wa karani. Ni njia pekee ya ndugu zako kujua kama ulikuwemo.

Jaketi la kuokolea maisha (wengi huliita boya) livaliwe na kufungwa tangu gati. Yaliyofungwa kamba pamoja na kuwekwa chini ya benchi hayamwokoi mtu, kwa kuwa mtumbwi hupinduka kwa muda mfupi kuliko wa kufungua fundo moja. Kwa mtoto, jaketi la mtu mzima halifai, maana humvuka kichwani akiingia majini. Usivae viatu vizito vya kufunga, wala usibebe mtoto mgongoni kwa kumfunga kitenge kwenye chombo kidogo, mpakate. Simu iweke ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji. (Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo tafuta ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo.)

Walimu wanaopeleka wanafunzi ziara ya masomo wana kazi moja zaidi. Wahesabu watoto gatini, siyo ndani ya boti ambako kila mmoja anazunguka, na wagawe darasa katika safari mbili badala ya kulisukuma lote katika moja ili kuokoa fedha za mafuta. Mwenye boti atalalamika. Mwache alalamike.

Kukataa kupanda kuna gharama yake: unaweza kulala mwaloni, na ukakosa mazishi au usaili wa kazi. Basi ni busara kupanga safari ya kisiwani ikiwa na siku moja ya akiba, ili usije ukalazimishwa na saa. Chombo kikikutia shaka, toa taarifa kwa maafisa wa TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini tangu mwaka 2018, au polisi kwa namba 112. Zimamoto na uokoaji ni 114.

Upepo na mvua

Masika huanza Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na kiangazi kirefu ni Juni hadi Septemba. Lakini ziwa lina tabia yake ya kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hukusanyika juu ya nchi. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi ya nchi kavu hutelemka kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, nayo hupanda na kuwa mvua ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku wa manane hadi asubuhi, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Kwa mtumbwi mdogo, ondoka kukishapambazuka na kutulia, na uwe umefika kabla ya giza. Ukiona wingu jeusi lenye mstari mweupe wa mawimbi chini yake, usimbembeleze nahodha avuke upesi. Beba sweta, sitahani ya meli ina baridi usiku hata mwezi Desemba.

Kichocho na maji ya kunywa

Kichocho cha tumbo kimeenea sana kwenye mwambao na visiwani. Mayai ya minyoo hufika majini kwa kinyesi, huanguliwa na kuingia ndani ya konokono; kutoka humo hutoka viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa dakika chache. Havihitaji jeraha wala kumeza maji. Hutoka kwa wingi wakati wa jua kali la mchana, karibu na ufuko wenye nyasi na matete, yaani saa na mahali ambapo mgeni hutamani kuoga. Kichocho cha mkojo, kile cha kukojoa damu, hupatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Usukumani kuliko ziwani.

Usiogelee ufukoni. Maji ya kuoga yachemshwe au yakae kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili. Aliyekwisha kuingia majini asijidanganye kwamba hana kitu kwa vile hajisikii vibaya: apime wiki sita hadi nane baadaye, na dawa ya prazikwanteli hutibu. Homa ya ghafla wiki chache baada ya safari inaweza kuwa malaria au kichocho kichanga. Mweleze daktari kwamba ulikuwa ziwani. Chandarua ni lazima. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye kambi za uvuvi zisizo na vyoo. Mamba na viboko wapo, hasa kwenye midomo ya mito na matete. Usichote maji mahali ambapo wenyeji hawachoti.

Watu na mahali pa kutembelea

Kiswahili kinatosha kila mahali. Wasukuma ndio wengi. Asubuhi “mwangaluka,” na mchana “mwadila,” humfungulia mgeni milango. Ukitua kisiwani kwa kulala, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji kwanza. Chukua fedha taslimu ndogo ndogo, kwani wakala wa simu wa kisiwani huweza kuishiwa. Sangara na sato hupatikana hotelini. Anayetaka kuona biashara yenyewe aende soko la Mwaloni, Kirumba, asubuhi, ambako dagaa huuzwa kwa magunia hadi Kongo.

Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko dakika chache kwa boti kutoka mjini. Bujora, karibu na Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma, na mwezi Juni hufanyika Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Rubondo, hifadhi tangu 1977, ina sokwe walioletwa na kuachiwa huko katika miaka ya 1960. Ukara hujulikana kwa wakulima wanaorutubisha mashamba kwa samadi kizazi hadi kizazi. Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya yake kwanza kwa Kikerewe na kungoja zaidi ya miaka 30 hadi ilipochapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko takriban km 140 kwa barabara ya Musoma.

Wanaotoka Kenya huingia kwa Sirari, wa Uganda kwa Mutukula. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huombwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo hizo mbili; kiwekwe pamoja na pasipoti, kwani ofisa wa afya hukaa dirisha la kwanza.