Kuvua Mwambani kwa Samaki wa Chuma

Wavuvi wengi wa pwani yetu huvua kwa chambo. Hukata kipande cha pweza au cha dagaa, hukitia katika ndoana, kisha hungoja samaki aje, anuse, ale. Lakini iko namna nyingine ya kuvua isiyohitaji chambo cha kuliwa hata kidogo. Mvuvi husimama juu ya mwamba ulio kando ya bahari, hutupa mbali kipande cha chuma king'aacho, hukivuta upesi majini, na samaki mkubwa hukifuata na kukiuma. Katika somo hili tutaona kwa nini samaki huuma kitu kisicholika, na jinsi mvuvi afanyavyo kazi yake. Kisha tutaona jambo lililo kubwa kuliko hayo mawili, yaani jinsi mvuvi naye awezavyo kudanganywa mahali pale pale anapomdanganya samaki.

Miamba ya pwani ya Kenya na Tanzania ilikuwa matumbawe hai zamani sana, yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Siku hizi matumbawe yaliyo hai hufanya kama ukuta mbali kidogo na nchi kavu, na mawimbi makubwa huvunjikia huko. Lakini mahali penye pengo katika ukuta huo, kama penye mlango wa bandari ya Mombasa, maji ya kina huja karibu na miamba. Na samaki wawindao huja pamoja nayo, nao ni kolekole, nguru na mzia.

Samaki hawa hula samaki wadogo. Tazameni dagaa anapoogelea. Ubavu wake ni mweupe kama kioo. Akigeuka, mwanga wa jua huupiga, hung'aa mara moja, kisha hutoweka. Mwindaji akiona mng'aro wa namna hiyo hujua ya kuwa chakula chake kinakimbia. Tena samaki ana mstari katika kila ubavu, wenye vijitundu vidogo sana, na kwa mstari huo huhisi maji yanapotikisika. Basi kipande cha chuma kikivutwa huyumba, hung'aa na kuyatikisa maji. Macho ya mwindaji humwambia, "Ni samaki," na ubavu wake humwambia vivyo hivyo. Harufu tu ndiyo isiyokuwamo. Lakini akikawia kunusa, mwenzake atamtangulia. Haraka ndiyo imponzayo.

Watu waliijua hila hii kabla ya kutumia chuma. Wamaori wa New Zealand waliunda chambo cha uongo kwa mti au mfupa, wakakibandika gamba la kombe lenye kung'aa kwa rangi nyingi, nao walikivulia samaki aitwaye kahawai. Huko Marekani, katika mwaka 1852, mtu mmoja jina lake Julio Buel alipewa na serikali hati ya kumlindia haki ya chambo chake cha chuma, chenye umbo la kijiko. Na mabaharia wetu hurambaza, yaani huburuta mshipi nyuma ya chombo kiendacho. Hila yao ni ile ile, ila wao hukitembeza chambo kwa tanga, na mvuvi wa mwambani hukitembeza kwa mkono.

Sisi twasema "samaki wa chuma," lakini pengine hufanywa kwa risasi au shaba. Uzito wake huwa kama gramu 40 hadi 80. Ni mdogo lakini ni mzito, kwa hiyo upepo hauwezi kumzuia sana, naye huenda mbali. Mvuvi hutumia mwanzi mrefu, na gurudumu la kuzungushia mshipi. Kati ya mshipi na chuma hutia waya mfupi, kwa sababu meno ya nguru na mzia hukata kama wembe.

Saa zifaazo ni alfajiri na jioni, au wakati wo wote shakwe wanapoonekana wakijitupa majini, kwa maana hapo samaki wadogo wamefukuzwa kutoka chini. Mvuvi hutupa chuma mbele ya kundi, wala si katikati yake, asije akalitawanya. Hukiacha kizame kidogo, kisha huzungusha gurudumu kwa upesi, akikipa mshtuko mara kwa mara ili kifanane na samaki aliyejeruhiwa. Mwanafunzi wa kazi hii hukosea kwa kuvuta polepole, akidhani anamsaidia samaki kukamata. Kumbe anampa nafasi ya kukitazama vizuri na kuukataa uongo.

Sasa na tumtazame mvuvi mwenyewe. Mimi nilipokuwa mtoto nilimfuata mjomba wangu mwambani. Bahari ilikuwa imetulia kama mafuta katika sahani. Niliona ukingo wa chini ulio karibu na maji, nikatangulia kuweka kapu letu pale, lenye samaki wawili. Nilipotaka kushuka nisimame huko, mjomba alinishika mkono.

"Mpwa wangu," akaniuliza, "jiwe lile la chini lina rangi gani?"

"Ni jeusi, mjomba, tena limelowa."

"Na hili tulilosimama?"

"Jeupe, kavu."

"Mvua haikunyesha leo. Nani basi aliyelilowesha lile?"

Sikuwa na jibu. Akaniketisha karibu naye, tukangoja. Ilipita robo saa, hata nikaanza kumwona mjomba kuwa mwoga. Ndipo yakaja mawimbi matatu mfululizo. La pili likafunika ukingo wote, maji yakarudi baharini kwa nguvu nyingi, na kapu halikuonekana tena. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Kapu halina mama wa kulililia."

Je, mawimbi yale yalitoka wapi, na upepo haukuvuma? Dhoruba ivumapo mbali, hata kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, huzaa mawimbi yasafiriyo kwa siku nyingi. Mawimbi ya namna mbili huenda yakakutana njiani. Kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine, hupunguzana, na bahari huonekana imelala. Kilele kikiangukia kilele, huongezana, nalo likawa wimbi kubwa. Kwa hiyo utulivu ule na wimbi lile ni watoto wa mama mmoja. Wahenga walisema kweli: kimya kikuu kina mshindo mkuu.

Hatari ya pili ni kujaa kwa maji. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji ya pwani yetu huweza kupanda karibu meta 4 katika muda wa kama saa sita. Wala hayapandi sawasawa. Mwanzo hupanda kidogo kidogo, kisha katika saa mbili za katikati hupanda nusu ya kipimo chote. Mtu aliyevuka kwa miguu mikavu kwenda jiwe la mbali hutazama nyuma, na njia hana.

Basi shikeni kanuni hizi. Kabla ya kutupa mshipi, itazameni bahari kwa nusu saa nzima. Msisimame juu ya jiwe lililolowa. Msiende peke yenu, wala msiipe bahari kisogo. Samaki akinaswa, msishuke kumchukua. Ngojeni wimbi limwinue. Mwenzenu akianguka, msijitupe nyuma yake, bali mtupieni kitu kieleacho, kama dumu tupu lililofungwa kamba, na kuita watu. Naye aliyeanguka asing'ang'anie mwamba unaomkata, bali aogelee mbali nao, aelee, angoje msaada. Nchini Australia, jimbo la New South Wales lilitunga sheria mwaka 2016 ya kuwataka wavuao miambani, katika sehemu zilizotajwa, wavae jaketi la kuelea, kwa kuwa wengi walikuwa wamekufa maji.

Samaki huuma chuma kwa sababu aliona mng'aro wa dakika moja, asingoje kuchunguza. Na mvuvi afaye mwambani mara nyingi aliona utulivu wa dakika moja, asingoje. Anayejua kumtega samaki kwa haraka yake na ajue pia kujizuia mwenyewe.

MASWALI
1. Kwa nini samaki wa chuma huvutwa upesi?
2. Waya mfupi una kazi gani?
3. Mjomba alijuaje ya kuwa wimbi kubwa hufika ukingo wa chini?
4. Elezeni jinsi bahari iliyotulia iwezavyo kuleta wimbi kubwa.