Nyumba na Masharti Yake

Mtu anunuapo nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja hupata kuta, dari na mlango. Pamoja na hivyo hupokea masharti yasiyoonekana kwa macho. Wengi huyatambua siku afikapo mkaguzi na kusimamisha kazi, hali mchanga umekwisha kumwagwa njiani na fundi amekwisha kupokea malipo yake. Hasara ya namna hiyo ingeweza kuepukwa kwa kuuliza mapema.

Masharti hayo hayatoki mahali pamoja. Kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na raia hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Tena ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985 na kuimarishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo idhini yake hutakiwa kabla ya kujenga, kubomoa au kubadili jengo. Zipo pia nyumba za wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Asiyeuliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huenda akamlipa mtu asiye na haki ya kuuza hata tofali moja.

Wako wanaonung'unika kwamba masharti ya hifadhi ni kero tupu. Hatukubaliani nao. Kuta za mji huu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa huuacha unyevu utoke ukutani. Saruji huufungia ndani, na chumvi ikaula ukuta pole pole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hatuna budi kuongeza kwamba ufa uliozibwa kwa saruji nao huweza kuuangusha ukuta. Na mara nyingi ukuta huo ni wa majirani wawili.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatutaji hapa chanzo cha msiba ule. Tunakumbusha tu kwamba majengo haya ya kale yataka uangalifu mkubwa, yawe majumba ya kifalme au nyumba za watu wa kawaida.

Kwa hiyo tunawashauri wananchi: kabla ya kutoa fedha, someni hati yote hadi mwisho. Linganisheni ramani na jengo lenyewe, mwone kama kuna ghorofa iliyoongezwa, baraza iliyovunjwa au mlango wa nakshi uliong'olewa. Kisha ulizeni kama idhini ya mabadiliko hayo ipo kwa maandishi. Anunuaye nyumba hununua na mgogoro wake.

Lakini haki haina upande mmoja. Mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kuvunja sharti ambalo hakuna aliyemwonyesha. Tunawaomba viongozi wahusika waweke mahali pamoja ambapo mtu ataeleza nyumba yake ilipo, naye apewe masharti yake yote kwa Kiswahili chepesi na kwa karatasi yenye muhuri. Maombi ya matengenezo yajibiwe kwa muda unaojulikana, maana paa linalovuja halingojei kikao. Na sharti linalomzuia mjane kuongeza chumba limzuie pia mwenye hoteli.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo ni ya Wazanzibari wote, lakini anayebeba gharama yake kila siku ni mkaazi aliyemo ndani ya nyumba. Ajulishwe mapema anachotakiwa kukifanya, asaidiwe kukitimiza, na hapo ndipo sheria itakapokuwa na haki ya kumhukumu.