Kikomo cha Leza Kinatokana na Kupepesa

Tochi ya leza ya kijani, ile ambayo machinga wa Mwanza huipanga pamoja na chaja na visikizi vya simu, huwa na kibandiko cha njano ubavuni chenye maandishi ambayo wanunuzi wengi hawayasomi. Wangetafuta namba moja tu. Leza inayoonekana, isiyozidi miliwati 1, iko daraja la 2. Ikivuka 5 imeshaingia daraja la 3B, na hiyo hapewi mtoto.

Miliwati 1 haikuokotwa hewani. Watafiti walichoma retina za kima maabara, wakatafuta kiwango kinachoacha jeraha katika nusu ya majaribio, kisha wakateremka chini yake kwa tahadhari. Kwa mwanga unaoingia jichoni robo sekunde, tume ya kimataifa ICNIRP imeweka takriban wati 25 kwa mita ya mraba. Mboni iliyopanuka gizani ina kipenyo cha milimita 7. Zidisha eneo lake kwa wati hizo, utapata miliwati 1 kasoro kidogo. Robo sekunde ni muda unaokadiriwa kumtosha mtu kupepesa au kugeuza uso.

Kukadiriwa, nasema, maana majaribio yaliyofanyika Cologne, Ujerumani, yalionyesha kuwa takriban mtu mmoja tu kati ya watano alipepesa leza ilipomwingia. Kilichobaki kutulinda ni ile tahadhari. Nacho kibandiko husema uongo: mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima tochi 122, na karibu asilimia 90 ya za kijani zilivunja kanuni za nchi hiyo. Baadhi zilivujisha infraredi, mwanga ambao jicho halioni, kwa hiyo halipepesi, ila lenzi yake huukusanya kwenye retina vilevile.

Ngozi ina hesabu yake. Kwa robo sekunde hiyohiyo inaruhusiwa zaidi ya wati 30,000 kwa mita ya mraba, kwa sababu haina lenzi. Jicho huzidisha ukali wa mwale mara 100,000 hivi kabla haujatua kwenye retina. Anayejaribu leza kiganjani akasema "mbona haichomi" hajapima kitu.

Kwa mafundi, tatizo ni miwani. Mashine ya kaboni dioksidi inayochonga mihuri hutoa mwale wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, ambao huishia kwenye konea au ngozi, na kifuniko cha akriliki huuzuia. Mashine ya kuandika kwenye chuma hutumia mwale wa nanomita 1,064 hivi, nao hupenya akriliki ileile angavu kana kwamba haipo. Miwani lazima iwe imeandikwa namba ya mwale husika.

Kikomo kikali kuliko vyote kiko angani. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko kando ya ziwa, na karibu na njia ya kurukia, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linaruhusu wati 0.0005 tu kwa mita ya mraba, mara 50,000 chini ya kikomo cha jicho. Tochi ya miliwati 5 ambayo mwale wake umetanuka kufikia mita moja, umbali wa kilomita moja, bado inazidi kiwango hicho zaidi ya mara kumi. Haiunguzi retina ya rubani. Inampofusha kwa sekunde chache, wakati anashuka usiku na chini yake kuna maji meusi na taa za mitumbwi ya dagaa.