Mnenguaji wa Sinema na Hesabu za Mwisho wa Zamu

Kwa zaidi ya miaka arobaini Hollywood imekuwa ikimrudia mnenguaji wa klabu za kuvua nguo, yaani mwanamke anayecheza jukwaani huku akipunguza mavazi yake mbele ya wateja wanaomtunza fedha, na kwa sehemu kubwa ya muda huo imemwonesha kwa sura mbili tu. Ama ni binti mwenye kipaji anayengoja siku ya kutoka humo, ama ni mwili usio na jina unaopita nyuma ya wanaume wenye mazungumzo yao. Sura zote mbili huliacha nje jambo ambalo wanenguaji wenyewe, nchini Marekani na Uingereza, wamelifikisha mahakamani na katika vyama vya wafanyakazi, nalo ni nani anamlipa nani ndani ya klabu.

Filamu ya Flashdance ya mwaka 1983 ndiyo iliyoipa sura ya kwanza umaarufu mkubwa. Mhusika wake mkuu ni kijana wa kike wa Pittsburgh anayechomelea vyuma mchana na kucheza baa usiku, huku ndoto yake ikiwa ni kuingia chuo cha densi, na ingawa havui nguo zote, mfumo wa hadithi yake ulirithiwa na filamu nyingi zilizofuata: jukwaa la klabu ni ngazi tu ya kupandia kwenda penye heshima. Ni vyema kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya densi iliyowavutia watazamaji ilichezwa na Marine Jahan, ambaye jina lake halikuwekwa katika orodha ya washiriki mwishoni mwa filamu. Showgirls ya Paul Verhoeven, iliyotoka mwaka 1995, iliipeleka hadithi hiyo Las Vegas na kuifanya vita ya kugombea umaarufu, na mwaka uliofuata Striptease ilimleta mama aliyepokonywa haki ya kulea mtoto wake na kulazimika kunengua ili apate gharama za kesi. Kwa filamu hiyo ya pili Demi Moore aliripotiwa kulipwa dola milioni 12.5, malipo ambayo wakati huo hakuna mwigizaji wa kike aliyekuwa ameyafikia, wakati mwanamke halisi wa kazi ileile huanza zamu yake akiwa mdaiwa.

Sura ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu mtazamaji huizoea bila kuiona. Katika tamthilia ya The Sopranos, iliyooneshwa kuanzia 1999 hadi 2007, majambazi wa New Jersey hukutana katika klabu iitwayo Bada Bing, na msimu baada ya msimu wanawake huzunguka nguzo nyuma yao kama sehemu ya samani. Waandishi wa tamthilia hiyo walilijua hilo, kwani katika sehemu moja ya mwaka 2001 mnenguaji mjamzito anapigwa hadi kufa nje ya klabu, na mzozo unaozuka baadaye kati ya wanaume unahusu hasa nani alimpiga nani kinyume cha taratibu zao. Kazi nyingi zilizoiga mandhari ile ziliichukua klabu na kuuacha ukosoaji.

Uhalisia wa kazi hii huanzia mlangoni. Katika klabu nyingi za Marekani mnenguaji hana mshahara, bali hulipa ada ya ukumbi, ambayo ni fedha anazompa mwenye klabu ili aruhusiwe kufanya kazi usiku ule, na kabla ya kuondoka hutarajiwa kumkatia chochote DJ, mabaunsa, na mara nyingine mwanamke anayesimamia chumba cha kubadilishia nguo. Ukumbi ukiwa na watu wachache, au akifika kwa kuchelewa na kutozwa faini, anaweza kurudi nyumbani akiwa na fedha pungufu kuliko alizotoka nazo. Zile noti zinazomiminika jukwaani, ambazo sinema imezifanya kuwa alama ya kazi yenyewe, mara nyingi ndizo sehemu ndogo ya kipato, kwa kuwa mnenguaji hupanda jukwaani kwa nyimbo mbili au tatu tu kisha hushuka kuzunguka mezani. Huko ndiko biashara iliko, katika kuuza densi ya mapajani, yaani densi fupi anayochezewa mteja mmoja akiwa amekaa, au muda wa faragha katika chumba cha pembeni. Kwa hiyo ujuzi unaomlisha ni wa mazungumzo: kumtambua mwenye nia ya kutumia fedha, kumsikiliza mpweke aliyekuja kulalamika kuhusu ndoa yake, kustahimili kukataliwa meza baada ya meza bila kuonesha uso wa kuchoka.

Mwili nao hufanya kazi ngumu ambayo mapambo ya taa huificha. Kabla ya kucheza, mnenguaji huifuta nguzo kwa spiriti ili iondoke jasho na mafuta ya aliyemtangulia, kwani nguzo yenye mafuta huteleza na anayening'inia juu yake huweza kuanguka. Michubuko ya magoti na mapaja ni ya kawaida, na viatu vyenye soli nene na visigino virefu sana huvaliwa kwa saa nyingi. Akivunjika mguu, mara nyingi hakuna bima wala fidia, kwa hoja kwamba hakuajiriwa na mtu.

Hoja hiyo ndiyo kiini cha mashauri mengi. Wenye klabu hudai kwamba mnenguaji ni mkandarasi huru, maana yake mtu anayefanya biashara yake mwenyewe katika jengo la mwingine, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali hivyo dhidi ya mnenguaji wa klabu moja ya London, ikitilia maanani kwamba yeye ndiye aliyeilipa klabu na kubeba hatari ya kupata hasara. Uamuzi huo unasikitisha, kwa kuwa mzigo aliotwishwa mfanyakazi uligeuzwa kuwa ushahidi kwamba yeye si mfanyakazi. Mwaka uliofuata, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kinyume chake katika kesi ya klabu ya Rick's Cabaret, kwa kuwa klabu iliwapangia wanenguaji kanuni za mavazi, mwenendo na faini, na shauri hilo lilimalizika mwaka 2015 kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Sinema imeanza kuyaona haya. Katika The Wrestler ya mwaka 2008 Marisa Tomei anaigiza mnenguaji anayekataliwa na vijana kwa sababu ya umri wake, tatizo la riziki ambalo filamu chache hulitaja. Hustlers ya mwaka 2019, ambayo watengenezaji wake walimwita mnenguaji mzoefu awe mshauri, inaonesha mapema jinsi mapato ya usiku yanavyomegwa kwa huyu na yule hadi msichana mgeni anabaki na kidogo, ingawa baadaye inageukia uhalifu, kana kwamba kazi bila jinai haitoshi kuwa hadithi. Anora ya Sean Baker, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 2024 na Oscar tano mwaka 2025, inamwonesha mhusika wake akizunguka ukumbini kutafuta wateja, akila chakula alichokuja nacho kwenye kopo, na akimjibu meneja kwamba ampangie ratiba siku atakapompa bima ya afya na akiba ya uzeeni. Maneno hayo hayakutoka hewani.

Mmoja wa waigizaji wa Anora, Lindsey Normington, alikuwa miongoni mwa wanenguaji wa Star Garden huko North Hollywood, ambao Machi 2022 waliwasilisha madai ya usalama, likiwemo la wateja kuwarekodi bila ridhaa, wakafungiwa mlango, na wakaandamana nje ya klabu kwa miezi mingi. Mei 2023 kura zao zilipohesabiwa, 17 kwa 0, walijiunga na Actors' Equity, chama cha waigizaji wa jukwaani kilichoanzishwa mwaka 1913. Machi 2024 jimbo la Washington lilipitisha sheria inayozitaka klabu kuweka vitufe vya dharura na walinzi waliofunzwa, na inayozuia ada ya ukumbi kuzidi dola 150 au asilimia 30 ya mapato ya mnenguaji kwa zamu, kutegemea kipi ni kidogo. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria ya namna hiyo bado haipo.