Usahaulifu wa Wazee na Dawa Zake

Katika nyumba nyingi yuko mzee aliyeanza kusahau. Huuliza jambo lile lile mara tano, hupotea njia ya msikitini aliyoizoea tangu ujana wake, na pengine hata mwanawe wa kumzaa asimtambue. Wako wanaomkaripia, na wako wasemao amerogwa. Twapenda wasomaji wetu, na hasa vijana, wajue yale ambayo ilmu imekwisha kuyagundua juu ya maradhi haya.

Baina ya seli na seli za ubongo pana upenyo mdogo mno, na habari huuvuka kwa mjumbe, naye ni kemikali. Mmoja katika wajumbe hao huitwa asetilikolini. Akisha kuifikisha habari, hutokea kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha mageuzi ya kemikali mwilini, kikamvunja mara moja ili njia iwe tayari kwa habari nyingine.

Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba katika ubongo wa waliokufa na maradhi ya Alzheimer uwezo wa kutengeneza asetilikolini ulikuwa umepungua sana. Basi, ikiwa wajumbe ni wachache, yafaa azuiwe yule awavunjaye, ili waliobakia wadumu zaidi.

Miongoni mwa walioifuata njia hiyo ni Hachiro Sugimoto wa Japani, ambaye mama yake mwenyewe alipatwa na usahaulifu hata akawa hamtambui. Yeye na wenzake katika kampuni ya Eisai walitengeneza dawa ya donepezil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996.

Lakini tusijidanganye. Dawa hii haiyaondoi maradhi. Huwapunguzia dalili baadhi ya wagonjwa kwa muda tu. Tena huweza kuleta kichefuchefu, kuharisha na kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo haifai kutumiwa pasipo shauri la daktari. Wala si kila usahaulifu ni Alzheimer: mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12, au kasoro ya tezi ya shingo, au huzuni nyingi, nao aghlabu hutibika.

Basi mzee akianza kusahau, na apelekwe hospitali mapema. Na akiuliza mara ya sita, na ajibiwe kwa upole ule ule wa mara ya kwanza. Kwani sisi nasi tuliuliza hivyo tulipokuwa wadogo, na yeye hakuchoka kutujibu.